Tunamdai Nini Mtu Mwenye Njaa? Hotuba kuhusu Falsafa ya Maadili ya Henry Odera Oruka

Waheshimiwa walimu, wanafunzi, wazee wetu mliofika, mabibi na mabwana,

Maisha ya watu wanaoishi pamoja yamejaa amri. Lipa kodi, heshimu mali ya mwenzio, usivuke mpaka bila hati, mtii mzazi, usiibe hata ukiwa na shida. Kwa karne nyingi wanafalsafa wametafuta ni wapi amri hizi zinapata nguvu ya kumfunga mtu, kiasi kwamba hata asiyemwogopa polisi hujiona bado anadaiwa. Immanuel Kant alisema nguvu hiyo inatoka katika akili ya mtu mwenyewe, inayojiwekea sheria. David Hume aliitafuta katika hisia tunazoshiriki na wenzetu, na wengine wakasema msingi wake ni mapatano, yaani kanuni ambazo sote tungezikubali kama tungeketi kupanga namna ya kuishi pamoja. Mtu ninayetaka kumzungumzia leo alizijua hoja hizi, lakini akaona kuna swali linalozitangulia: kabla ya kumwambia mtu "unapaswa", mtu huyo awe amepata nini ili tuwe na haki ya kumtamkia neno hilo?

Henry Odera Oruka alizaliwa mwaka 1944 Ugenya, magharibi mwa Kenya. Alikwenda Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, kwa masomo ya sayansi, falsafa ikamvuta, akaisoma chini ya Ingemar Hedenius, kisha akaendelea katika Chuo Kikuu cha Wayne State mjini Detroit. Tangu mwaka 1970 alifundisha Nairobi na kuijenga falsafa kama somo linalojitegemea pale, hadi Desemba 1995 alipogongwa na gari mjini humo na kufariki akiwa na umri wa miaka 51. Wengi humkumbuka kwa utafiti wake wa wazee wenye hekima. Nitaugusa, lakini nionavyo mimi, uzi unaoishona kazi yake yote ni wa maadili. Unaonekana katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu adhabu, unaonekana tena katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu misaada ya nje, na hata katika alichoandika kuhusu mazingira miaka miwili kabla ya kifo chake. Uzi huo ni hoja ya kima cha chini cha utu.

Nianze na makala ya 1989, kwa sababu hapo hoja imesimama wazi kuliko kwingine. Oruka alikuwa akiuliza kwa nini nchi tajiri iisaidie nchi maskini. Majibu yaliyozoeleka yalikuwa matatu. La kwanza linasema msaada ni biashara: anayetoa leo anajitengenezea soko na marafiki wa kesho. La pili linasema msaada ni hisani. La tatu linasema msaada ni fidia kwa madhambi ya utumwa na ukoloni. Majibu hayo yote, ingawa la tatu lina uzito mkubwa kuliko mengine, yanakubali jambo moja bila kulihoji, kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya kilichomo ndani ya mipaka yake, na kwamba kinachotoka humo kinatoka kwa ridhaa ya mwenyewe au kwa sababu mwenyewe ana kosa la kulipia. Msaada wa biashara unakoma faida inapokoma. Msaada wa hisani unamwacha mpokeaji bila neno la kusema siku mtoaji akichoka. Nayo fidia, hata ikilipwa yote, haimfikii mtu anayekufa njaa ambaye hakuna wa kumnyoshea kidole katika historia yake. Na kwangu mimi kifo cha mtu huyo si kidogo kuliko kifo cha mwingine.

Hapo Oruka akaanza upya kutoka kwa mtu mwenyewe. Alisema kila binadamu ana haki ya kupata vitu vitatu kwa kiwango cha chini kabisa: usalama wa mwili wake, riziki ya kumwezesha kuishi, na huduma ya afya. Hakuvichagua kwa kuwa ni vizuri kuliko vingine, maana elimu ni nzuri, na nyumba na heshima pia ni vizuri. Alivichagua kwa kuwa bila vitu hivyo haki nyingine zote hubaki maneno. Mtu anayewindwa, anayekufa njaa, au aliyelemewa na maradhi yanayotibika hawezi kutumia haki ya kupiga kura wala ya kumiliki shamba. Na zaidi ya hayo, hawezi kutazamiwa kutimiza wajibu kama tunavyomtazamia mtu ambaye mahitaji hayo ameyapata. Kima hicho cha chini ndicho kinachomfanya mtu aweze kushiriki katika mkataba wa maadili. Ukimnyima, au ukimwacha akose ilhali una uwezo, huwezi tena kumgeukia na kumdai aheshimu mali yako na mpaka wako, kwa sababu haki yako ya kumiliki ilikuwa sehemu ya mkataba ambao wewe mwenyewe umemfungia mlango asiingie.

Hoja hii ni kali, na ni haki kuipima kwa ukali uleule. Ukiisoma haraka, Oruka anaonekana kusema kwamba mwenye njaa hupoteza uwezo wa maadili, na kwamba dhiki inapopita kiwango fulani humgeuza mtu kuwa kiumbe asiyejua jema na baya. Kama hivyo ndivyo alivyomaanisha, basi amewadhulumu maskini kwa kutaka kuwatetea. Sisi tunaoishi katika nchi za ukame tunajua kwamba katika vijiji vilivyokosa mvua misimu mitatu mfululizo wapo akina mama wanaogawa unga wa mwisho na mtoto wa jirani, na wapo vijana wanaolala njaa mbele ya mbuzi wa mtu mwingine. Uadilifu haujawahi kuwa mali ya walioshiba.

Lakini naamini kuna namna nyingine ya kuielewa hoja hii, na ndiyo ninayoitetea. Upungufu anaouonyesha Oruka hauko ndani ya mwenye njaa. Uko kwetu sisi tunaomdai. Mama yule anapogawa unga wake anatenda wema mkubwa, na wema huo ni wake. Lakini hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kumlaumu kama asingegawa, na aliyekuwa na haki hiyo kidogo kuliko wote ni yule mwenye ghala lililojaa upande wa pili wa barabara. Kanuni ya kuheshimu mali haijafutika duniani kwa sababu mtu mmoja ana njaa. Kilichofutika ni haki ya baadhi yetu kuitumia kanuni hiyo dhidi yake. Tukilitenganisha jambo hili, hoja inapata nguvu mpya. Inatueleza kwamba wajibu ni uhusiano kati ya watu, na kwamba uhusiano huo unaweza kuvunjwa na mwenye nguvu kabla haujavunjwa na mnyonge.

Vilevile inajibu hofu ya wale wanaouliza kama hoja hii haiwapi watu ruhusa ya kunyang'anyana. Haiwapi. Mwenye njaa anayemnyang'anya mwenye njaa mwenzake anavunja kima kilekile anachokidai, kwa kuwa riziki na usalama wa huyo mwingine vimelindwa kwa sababu ileile. Kinachopoteza ulinzi wake ni ziada, yaani kile ambacho mwenye nacho akikitoa bado atabaki na usalama wake, chakula chake na tiba yake.

Sasa nirudi nyuma hadi mwaka 1976, kwenye kitabu cha adhabu, kwa sababu ndipo wazo hili lilipoanza kuota. Oruka aliuliza swali ambalo wanasheria wengi hawapendi kuulizwa: kwa nini tunaadhibu? Tukisema tunalipiza uovu, ni lazima tuonyeshe kwamba uovu ule ulitoka kwa mtu mwenyewe, kwa hiari yake. Tukisema tunawatisha wengine, tunamtumia mtu mmoja kama chombo cha kuwafundisha watu wasiomhusu. Oruka alishikilia kwamba nyuma ya uhalifu mwingi kuna nguvu za kihalifu zilizomo katika jamii yenyewe, nguvu ambazo mtu huzaliwa akazikuta na ambazo hakuziumba, na kwamba jamii inayomwadhibu mtu bila kuzigusa nguvu hizo inafanya ukatili huku ikijiita yenye haki. Aliandika kuhusu Afrika iliyokwisha kujitawala, ambamo serikali mpya zilirithi magereza, sheria na mijeledi ya wakoloni na kuendelea kuvitumia kwa raia walewale.

Hoja hiyo haijapitwa na wakati. Sheria za jinai za nchi zetu kwa miaka mingi zimekuwa na makosa ya uzururaji na ya kuwa mtu asiye na kazi. Asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 iliyotungwa kuwaondoa barabarani watu maskini waliokuwa wakitangatanga, na wakoloni wakaileta ilivyo. Chini ya sheria za aina hiyo mtu anaweza kukamatwa kwa sababu hana njia inayoonekana ya kujikimu. Tuliangalie kosa hilo kwa utulivu, kwa maana ukali wake uko katika uwazi wake. Mshtakiwa hakumpiga mtu, hakuiba, hakuharibu chochote. Kosa lake ni kukosa riziki, jambo ambalo katika falsafa ya Oruka ndilo hasa linalotunyima sisi haki ya kumdai. Tumechukua ushahidi wa deni letu kwake tukaufanya kuwa ushahidi wa hatia yake. Na anapotozwa faini asiyoweza kuilipa, anapelekwa gerezani, na huko ndiko anakolishwa na kulazwa kwa gharama ya umma kwa mara ya kwanza.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kuhusu sheria hizi kufuatia ombi la chama cha wanasheria wa Afrika. Majaji walisema sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Walisimama juu ya haki ya usawa, utu, uhuru wa mtu na uhuru wa kwenda anakotaka. Mimi nasema walifikia kwa njia ya sheria mahali ambapo mwalimu wa Nairobi alikuwa amekwisha kufika kwa njia ya falsafa zaidi ya miaka 40 kabla. Hata hivyo maoni ya ushauri hayafuti sheria ya nchi yenyewe. Kila bunge lina kazi yake hapo, na kila askari wa jiji anayemkamata kijana kituo cha basi usiku anapaswa kujua kwamba jambo analolifanya limekwisha kupimwa na majaji wa bara hili likaonekana halifai.

Sikubaliani na Oruka hadi mwisho wa kitabu kile. Yeye alitaka adhabu ifutwe kabisa na badala yake iwepo tiba, kwa mtu na kwa jamii. Ninaiogopa tiba inayotolewa na dola. Adhabu angalau ina mwisho: hakimu anataja miaka, na miaka ikiisha mlango unafunguliwa. Tiba haina kipimo hicho, kwa maana anayeamua kwamba umepona ndiye yuleyule aliyekufungia. Isitoshe, wapo watu ambao jamii haikuwanyima kitu. Walisoma kwa kodi ya wakulima, wakatibiwa hospitali bora, wakalindwa na polisi mchana na usiku, kisha wakaiba fedha za dawa. Kumwambia mtu kama huyo kwamba ni mgonjwa wa nguvu za kijamii ni kuwatukana waliokosa dawa. Na hapa naona kwamba Oruka wa mwaka 1989 anamrekebisha Oruka wa mwaka 1976. Kima cha chini kinatupa kipimo cha lawama: kadiri mtu alivyopokea zaidi kutoka kwa wenzake, ndivyo wenzake walivyo na haki zaidi ya kumwajibisha. Tukikifuata kipimo hicho, mlango wa mahakama ungekuwa mwembamba kwa mwizi wa mkungu wa ndizi na mpana kwa mwizi wa bajeti. Kila aliyekaa asubuhi moja katika mahakama ya mwanzo anajua hali ilivyo sasa.

Mtu anaweza kuuliza kama mawazo haya ni ya Kiafrika, au ni ya Uppsala yaliyovalishwa kitenge. Swali hilo lilimsumbua Oruka mwenyewe, na ndilo lililomtoa chuoni kwenda vijijini kuzungumza na wazee. Kabla yake, padri Placide Tempels alikuwa amechapisha mwaka 1945, akiwa Kongo, maelezo ya fikra za Wabantu kana kwamba Wabantu wote wana wazo moja. John Mbiti naye mwaka 1969 alieleza dini na falsafa za Afrika kwa jumla. Oruka alikataa kwamba falsafa inaweza kuwa ya kabila zima bila kuwa ya mtu yeyote. Aliwatafuta watu wenye majina na sura, akawagawa wazee wenye hekima katika makundi mawili: wanaozijua mila na kuzieleza vizuri, na wanaozijua lakini wanazihoji, wanazipima kwa hoja, na wako tayari kusema kwamba jambo fulani limefanywa tangu enzi za mababu na bado si jema. Hawa wa pili ndio aliowaita wanafalsafa.

Mmoja wao alikuwa Paul Mbuya Akoko, aliyepata kuwa kiongozi wa Umoja wa Waluo. Kilichonivutia katika maneno ya mzee huyu ni kwamba alikataa kusifiwa bure. Watu walipenda kusema Waafrika wa zamani waligawana kila kitu kwa ukarimu, naye akasema sivyo. Watu walipenda mali zao kama watu wengine duniani, isipokuwa walijua pia kwamba jirani asiachwe aangamie. Hapa tunakiona kima cha chini kikisemwa na mtu ambaye hakukisoma katika makala yoyote. Mila kuwapo peke yake haimfungi mtu, na kusifiwa kwake hakuiongezei nguvu. Inamfunga pale inapoweza kumtolea sababu.

Msimamo huo ulijaribiwa hadharani mwaka 1987, katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, ambamo mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi na ukoo wa marehemu ukataka azikwe Nyalgunga, kwao magharibi mwa Kenya. Oruka aliitwa kutoa ushahidi wa kitaalamu kuhusu mila za Waluo, na mwishoni ukoo ulishinda. Nakiri kwamba sura hiyo ya maisha yake inanitatiza. Mahakamani mtaalamu huulizwa mila inasema nini, wala haulizwi kama mila ina haki ya kusema hivyo, na katika kesi ile swali la pili ndilo lililokuwa na uzito kwa mjane. Falsafa yake mwenyewe ilikuwa na nyenzo za kuliuliza.

Nakuja sasa kwenye kazi zake za mwisho. Mwaka 1991 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa kimataifa wa falsafa kuhusu binadamu na mazingira, na Oruka alikuwa mmoja wa nguzo zake. Miaka miwili baadaye akatoa makala iliyoiona dunia kama urithi wa wazazi. Alikuwa akimjibu Garrett Hardin, Mmarekani aliyeandika mwaka 1974 kwamba nchi tajiri ni kama boti la kuokolea watu lililojaa, na kwamba kuwapandisha wanaoogelea pembeni ni kulizamisha. Oruka akasema mfano huo ni wa uongo tangu mwanzo, kwa sababu unafanya kana kwamba waliomo botini na waliomo majini walikutana hapo kwa bahati tu. Yeye akaweka mfano wa familia: watoto wa baba na mama mmoja ambao wamekua, wengine wametajirika, wengine ni mafukara. Hakuna kati yao aliyejitengenezea mwanzo wake. Kila mmoja ana deni kwa wazazi, na mafanikio ya kila mmoja yamechanganyika na bahati. Kwa hiyo kanuni ya deni la wazazi inatangulia, na kanuni ya bahati na juhudi ya mtu binafsi inafuata nyuma yake. Zikigongana, ya kwanza inashinda. Humo ndani aliweka pia kanuni ya aibu ya ukoo, kwamba hali ya mmoja katika familia inagusa heshima ya wote, hata wale waliohamia mbali na kujifanya hawajui.

Msomaji wa Kitanzania ataisikia sauti ya karibu hapa. Mwaka 1962 Julius Nyerere aliandika kwamba msingi wa ujamaa ni familia pana, na kwamba familia hiyo haina budi kuvuka kabila, taifa na hata bara, hadi iwachukue binadamu wote. Oruka aliwaweka viongozi kama Nyerere katika mkondo wao wa falsafa, ule wa kisiasa na kizalendo, na hakuwafuata kwa kila jambo. Tofauti ninayoiona ni kwamba Nyerere aliianza familia katika undugu uliokuwapo, wakati Oruka aliianza katika deni. Na deni lina faida moja, kwamba linaweza kudaiwa hata pale upendo ulipokwisha.

Tofauti kati ya deni na hisani ndiyo inayogombewa leo katika suala la tabianchi. Nchi zilipokubaliana Paris mwaka 2015, uamuzi ulioambatana na makubaliano yale ulisema wazi kwamba kipengele cha hasara na uharibifu, yaani madhara yanayoletwa na mabadiliko ya tabianchi, hakiwi msingi wa kudai fidia. Kisha mwaka 2022, Sharm el-Sheikh, zikakubali kuanzisha mfuko wa kushughulikia hasara na uharibifu huo. Tumepata mfuko, lakini mlango wa fidia ulikwisha kufungwa kabla ya fedha kuanza kutafutwa. Kwa mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake wote hilo linaweza kuonekana kuwa ubishi wa maneno, mradi fedha zije. Oruka angesema si ubishi wa maneno hata kidogo, kwa maana anayepewa hisani akae kimya asubiri, na anayedai deni aweza kwenda kwenye baraza akauliza kwa nini halijalipwa.

Ninalo pingamizi juu ya mfano wa familia pia. Familia zina ukimya wake. Ndani yake kuna kazi ya wanawake isiyohesabiwa katika urithi, na kuna wadogo wanaonyamazishwa kwa jina la heshima. Anayejenga maadili ya dunia juu ya familia atueleze ni nani anayekaa kwenye kiti cha baba, na kama watoto wa kike wana sauti sawa katika kugawa urithi. Makala ya Oruka haikulichunguza hilo kwa kina, na ni kazi iliyobaki kwa wanafunzi waliomo humu.

Kenya ya leo imeandika sehemu kubwa ya kima cha chini katika Katiba yake ya mwaka 2010. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, haki ya kutokuwa na njaa, ya maji safi, ya makazi na ya hifadhi ya jamii. Ibara ya 20 inakwenda mbali zaidi: serikali ikisema haina fedha za kutimiza haki hizo, ni juu yake kuthibitisha kwamba kweli hazipo. Huo ni mgeuko mkubwa wa nani anadaiwa maelezo. Zamani maskini alitakiwa aeleze kwa nini hana. Sasa, angalau katika maandishi, mwenye hazina ndiye anayetakiwa kueleza.

Nabaki na jambo moja ambalo naona Oruka alilikosea, na nalisema kwa heshima kubwa. Henry Shue, Mmarekani aliyeandika kuhusu haki za msingi mwaka 1980, aliweka uhuru miongoni mwa haki hizo pamoja na usalama na riziki. Oruka hakuuweka uhuru wa kisiasa katika vitu vyake vitatu. Aliona kwamba katika Afrika ya wakati wake uhuru wa kiuchumi ndio unaozibeba nyingine, na asiyekula hawezi kuufaidi uhuru wa kusema. Naelewa kwa nini mtu aliyeishi alikoishi, wakati ule, angefikiri hivyo. Lakini mwanauchumi Amartya Sen ametuonyesha kwamba baa kubwa la njaa halitokei katika nchi huru yenye demokrasia inayofanya kazi na magazeti yanayoweza kusema, kwa kuwa watawala wanaoweza kuulizwa hawathubutu kuacha watu wafe kimyakimya. Na hata bila Sen, hoja ya Oruka mwenyewe inatupeleka huko. Kama kima cha chini ni haki na si hisani, basi kinadaiwa. Na kama kinadaiwa, anayekidai anahitaji mdomo usiofungwa, mahali pa kusimama, na mtu wa kumsikiliza asiyeweza kumkamata kwa kosa la kuzurura. Kwa hiyo mimi ningeuongeza uhuru wa kusema kama kitu cha nne katika orodha yake, na ningeuweka sambamba na chakula, wala si baada yake.

Najua wapo humu ndani, hasa wenzetu wa uchumi na wa sheria, ambao hawatakubali kuviweka viwili hivyo katika daraja moja, na wana sababu nzito. Naomba mjadala wetu uanzie hapo. Asanteni sana kwa kunisikiliza.